Gongo la Mpera

Kila jioni Akumu aliporudi kutoka shuleni, baba yake alimuuliza swali lile lile kabla hajavua viatu.

"Mwalimu amesemaje leo?"

Fundi Ogweno hakuinua kichwa alipouliza. Alikuwa ameinama juu ya mbao za mtumbwi, tezo ya kuchongea mkononi, unga wa mbao umemjaa kwenye nyusi. Banda lake la kazi lilikuwa Kirumba, chini ya mawe makubwa, hatua chache kutoka ziwani. Wavuvi walitoka mbali kumfuata, wengine Nansio, kwa sababu mtumbwi wake haukuvuja na kafi lake halikuvunjika. Walimfuata kwa kazi yake. Kwa maneno yake hakuna aliyemfuata, maana fundi huyo alikuwa mtu wa shari. Aligombana na wachuuzi wa samaki kwa kupita karibu na mbao zake, akagombana na majirani kwa ajili ya mbuzi wao, na siku asipopata wa kugombana naye aligombana na misumari.

Akumu alikuwa darasa la tano, ana miaka kumi na mmoja, na alijua namna ya kumjibu. Alijibu kwa ufupi. Ukimweleza baba jambo refu alikuacha ufike nusu, kisha akasema, "Basi, nimeelewa," akarudi kwenye kazi yake. Mara nyingi alikuwa hajaelewa. Mwaka uliopita mwalimu aliagiza kila mtoto aende na kibao cha kuandikia mtihani. Akumu alipofika kwenye neno kibao, baba akawa ameshaelewa. Asubuhi yake alimkabidhi kibao cha kusukumia chapati, cha duara, kimepigwa msasa hadi kinang'aa. Akumu alifanyia mtihani juu yake, na darasa zima likamwita Mama Chapati hadi wakafunga shule.

Mwaka huu ulikuja mpira wa magongo.

Aliyeuleta ni Mwalimu Tereza, ambaye aliujifunza chuoni. Alizungumza na walimu wa shule nyingine tatu, wakaunda timu nne za watoto wasiozidi miaka kumi na miwili, wasichana na wavulana pamoja, saba kila upande. Timu wakazipa majina ya samaki wa ziwani: Sangara, Sato, Kamongo na Furu. Majina yaligawanywa kwa kuchota vikaratasi kwenye kofia. Shule ya akina Akumu ilichota ya mwisho, ikapata Furu, samaki wadogo kuliko kidole. Watoto wa Sangara walicheka hadi wakakaa chini. Hakuna anayeishi kando ya ziwa hili asiyejua sangara humfanya nini furu.

Kila timu ingekutana na kila timu mara mbili. Hiyo ilimaanisha Jumamosi sita za mashindano, na timu ya kwanza ingevushwa kwa kivuko hadi Nansio kucheza na watoto wa kisiwa cha Ukerewe. Akumu alipolisikia hilo alikosa hamu ya kula. Tangu akiwa mdogo alikuwa ameona mitumbwi ya baba yake ikisukumwa majini kwenda kisiwani kule. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka maji hata mara moja.

Tatizo lilikuwa magongo. Hayakutosha. Mwalimu Tereza akampa Akumu gongo moja la shule alipeleke kwa baba yake kama mfano, akamweleza taratibu jinsi linavyotakiwa kuwa. Kichwa cha gongo, pale linapojikunja, upande wa kushoto huwa bapa. Upande wa nyuma huwa wa mviringo. Mchezaji hupiga mpira kwa upande ule bapa tu, na akipiga kwa mgongo wa gongo amefanya kosa.

Akumu alikariri maneno hayo njia nzima.

"Mwalimu amesema upande mmoja uwe bapa," alianza, "na upande wa pili—"

"Basi, nimeelewa," alisema baba.

Aliligeuza gongo la shule mkononi, akalitazama mbele na nyuma, akacheka kwa dharau. Alisema aliyelichonga alichoka njiani akaacha kazi nusu. Yeye alikuwa amechonga makafi tangu ujana wake kule Rorya, na kafi lililo bapa upande mmoja tu litakuzungusha ziwani kama bata aliyepigwa jiwe. Alipanda juu ya boriti akashusha tawi la mpera lililokuwa likikauka huko kwa miaka miwili, zito, limejikunja lenyewe. Alilichonga siku mbili. Lilipokamilika lilikuwa jepesi kuliko la shule, linanukia, na kichwa chake kilikuwa bapa na laini kama sahani. Pande zote mbili.

Akumu aliliona kosa mara moja. Alifungua mdomo. Baba alikuwa amelishika gongo mbele yake kwa mikono miwili, akitabasamu, na baba hakuwa mtu wa kutabasamu. Akumu akaufunga mdomo wake.

Kesho yake mazoezini Mwalimu Tereza aliligeuza gongo lile mara tatu. Alisema ni kazi nzuri sana, hajawahi kuona gongo la kuchongwa kwa mkono lililonyooka vile. Kisha akasema haliwezi kutumika, kwa kuwa nyuma ni bapa, na Akumu amwambie baba apunguze kingo za nyuma ziwe mviringo. Ni kazi ya dakika chache tu kwa fundi kama yule. Akauliza kama Akumu angependa yeye mwenyewe aje kuzungumza na baba.

"Hapana, Mwalimu, nitamwambia," alijibu Akumu.

Jioni alikuta baba amekosana na mtu aliyeleta mbao zenye nyufa, na maneno bado yalikuwa yakichemka bandani. "Mwalimu amesemaje kuhusu gongo?" aliuliza baba, safari hii akiwa ameinua kichwa.

Akumu alitazama tezo, akatazama uso wa baba.

"Amesema ni kazi nzuri sana. Hajawahi kuona lililonyooka vile."

Huo ulikuwa ukweli, nusu yake. Nusu iliyobaki aliimeza. Na siku mbili baadaye Mwalimu alipouliza kama baba amelirekebisha, Akumu aliitikia kwamba amelirekebisha. Alikuwa ameokota kipande cha tyubu ya baiskeli, akajaza pamba ya kuzibia mitumbwi nyuma ya kichwa cha gongo, kisha akalizungushia tyubu ile kwa kuibana hadi mgongo ukaonekana umevimba kidogo. Mwalimu alikuwa na watoto thelathini uwanjani, mmoja wao akitokwa na damu puani. Alitupa jicho, akaendelea na shughuli zake. Akumu akajiapiza kwamba hatautumia upande wa nyuma hata siku moja.

Uwanja ulikuwa wa changarawe, umezungukwa na mawe makubwa, na wazazi walikaa juu ya mawe hayo. Jumamosi ya kwanza walikaa wamechanganyika. Kufikia ya pili kila timu ilikuwa na jiwe lake.

Baba wa Akumu hakukaa kabisa. Alitembea kando ya mstari tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, mikono nyuma, akizungumza kwa sauti ya mtu anayeita boti iliyo mbali. Alimwambia mwamuzi, kijana mpole aitwaye Nkwabi, kwamba filimbi aliyopewa ni ya kuchungia kondoo. Aliwaambia watoto wa Sato kwamba wanakimbia kama wamebeba ndoo. Na zaidi ya wote alimsema mwanawe. "Akumu, umelala? Akumu, mguu wa mtu huo si ukuta, pita!" Akumu alicheza mabega yamempanda hadi masikioni. Kila alipougusa mpira alisikia sauti ile kwanza, ndipo akausikia mpira.

Jumamosi ya pili Furu walikutana na Sangara, na hapo ndipo baba alipompata mwenzake. Baba wa Precious, nahodha wa Sangara, aliitwa Masele. Alikuwa muuza dagaa wa jumla, mwili mkubwa, kofia nyeupe, na mwanawe alichezea gongo la dukani la rangi ya bluu. Sangara walishinda mabao matatu kwa moja. Masele aliwaambia watu wa jiwe lake, kwa sauti ya kufika mawe yote, kwamba kazi ya furu ni chambo.

"Na kazi ya dagaa ni kuanikwa," alijibu baba wa Akumu. "Shuka hapo juu nikuanike."

Mwalimu Tereza na Nkwabi waliwatenganisha. Tangu siku hiyo wazazi wa mawe yale mawili hawakusalimiana, hata sokoni. Mama wa mtoto mmoja wa Sangara alikuwa mteja wa samaki wa kukaanga wa mama yake Akumu, akaacha kununua. Hata watoto walianza. Shimba, golikipa wa Furu, alichora jicho la sangara kwenye jiwe na kulipiga kwa kokoto kila mazoezi.

Jumamosi ya tatu, dhidi ya Kamongo, matokeo yakiwa sare, mpira ulimjia Akumu ndani ya duara la goli kwa upande usiofaa. Ili aupige vizuri ilimpasa ageuze gongo, na nafasi haikuwepo. Mkono ukaenda wenyewe. Aliupiga kwa nyuma. Ule mgongo bapa uliupokea mpira kama kiganja, ukausukuma wavuni.

Nkwabi alikuwa mbali. Filimbi ililia kwa bao.

Akumu aligeuka kando ya mstari, akaona baba ameinua mikono yote miwili, akimwonyesha kila aliyekuwa karibu naye. Hakuwa akimgombeza yeyote. "Yule ni wangu," alikuwa akisema. "Yule ni wangu, na gongo ni langu."

Baada ya hapo kiapo kilikwisha. Jumamosi ya nne alitumia upande wa nyuma mara mbili. Ya tano hakuhesabu. Pamba ndani ya tyubu ilikuwa imelala kabisa kwa kupigwapigwa, na mpira uliruka vizuri zaidi. Furu walishinda zote tatu. Watu walianza kumwita Akumu mchawi wa changarawe. Aliitikia kwa kucheka, lakini kila Mwalimu Tereza alipomkaribia, alilishusha gongo likasimama nyuma ya mguu wake.

Shari ya baba nayo iliota mizizi. Jumamosi ya tano aliingia uwanjani mchezo ukiendelea, akamfuata Nkwabi hadi katikati kumwonyesha faulo iliyotokea mbele ya kila mtu. Mwisho wa mchezo Mwalimu Tereza aliwakusanya wazazi wote. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, lakini alisema hadi mwisho. Alisema mzazi yeyote atakayekanyaga tena ndani ya mstari mchezo unaendelea, timu ya mwanawe itatolewa. Alipomaliza, alimtazama Fundi Ogweno. Baba alitazama ziwa.

Jumamosi ya sita wakabaki Furu na Sangara, wamelingana kwa pointi. Mshindi Nansio.

Hakuna aliyesalimiana asubuhi ile. Mawe yalijaa, na jiwe la Sangara lilikuwa na sufuria na vijiko vya kugonga. Masele alikuwa ameleta boga dogo, akaliandika Furu kwa mkaa, akalikalia. Baba alisimama pembeni ya mstari, vidole vya miguu vikiugusa, akiwa hajasema neno. Ukimya wake ulimtisha Akumu kuliko kelele.

Sangara walitangulia kufunga. Precious alipita katikati ya Furu watatu kama hawapo, akaupiga mpira kwa gongo lake la bluu, na Shimba akabaki ameshika hewa. Sufuria ziligongwa. Wakati wa mapumziko Mwalimu aliwapa watoto machungwa, akawaambia wacheze kwa utulivu. Akumu hakumsikia. Aliyekuwa akimsikia ni baba, nyuma yake, akipumua kwa nguvu.

Kipindi cha pili kilipofika katikati, mpira ulimwangukia Akumu ndani ya duara, kwa upande ule ule usiofaa. Alijua. Safari hii mkono haukwenda wenyewe. Aliutuma. Alipiga kwa mgongo wa gongo, na mpira ukapita kati ya miguu ya golikipa.

Sare, bao moja kwa moja.

"Amepiga kwa nyuma," alisema Precious.

Hakupaza sauti. Alilishusha gongo lake, akamgeukia Nkwabi, akarudia kwamba amepiga kwa nyuma, na si leo tu, amekuwa akimwona tangu wiki iliyopita. Nkwabi alipuliza filimbi ndefu kusimamisha mchezo. Kutoka kwenye jiwe la Sangara, Masele alikuwa ameshashuka, kofia mkononi.

"Fungueni hiyo tyubu," alisema. "Fungueni tuone fundi kachonga nini."

Hapo baba alivuka mstari. Kwa kuwa mchezo ulikuwa umesimama, labda lilikuwa halali, lakini hakuna aliyelifikiria hilo. Alikwenda mbio hadi kwa Masele wakasimama kifua kwa kifua. Alisema gongo lile amelichonga kwa mikono yake, kwa mti wake, na kwamba Masele hajawahi kuchonga hata mwiko. Alisema watu wenye vitu vya dukani hudhani kila kizuri kimeibwa. Watu wa jiwe la Furu walicheka na kupiga makofi. Watu wa jiwe la Sangara walianza kushuka.

"Mwizi anamtetea mwizi," alisema Masele. "Furu mkubwa na furu mdogo."

Baba akamkamata kola ya shati.

"Mwalimu mwenyewe alilipokea gongo hili," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Akalisifu. Mwanangu aliniletea maneno yake, na mwanangu hasemi uongo. Mwulizeni Mwalimu. Mwulizeni sasa hivi, na akisema vinginevyo nitalivunja gongo hili kwa goti langu na sitakanyaga hapa tena."

Uwanja mzima ulimgeukia Mwalimu Tereza. Mwalimu hakumtazama fundi wala Masele. Alimtazama Akumu, akangoja.

Akumu alikuwa amesimama na gongo nyuma ya mguu. Alijua kwamba angeweza kunyamaza. Mwalimu angesema aliyoyasema, baba angesema mwalimu ni mwongo, na baba angekuwa upande wake, kifua mbele, mbele ya watu wote hawa, kwa ajili ya jambo ambalo halikuwahi kuwa kweli. Aliutazama mkono wa baba kwenye kola ya yule mtu. Ulikuwa na kovu la tezo kwenye kidole gumba.

Akaliweka gongo chini, akapiga magoti juu ya changarawe, akaanza kuifungua tyubu. Ilikuwa imebana. Ilimbidi atumie meno. Pamba ilidondoka ikiwa imebanana kama kipande cha mkate, na mgongo bapa wa gongo ukaonekana, umepauka.

"Baba," alisema, "Mwalimu alisema ni kazi nzuri. Halafu akasema haliruhusiwi. Alitaka nyuma uichonge iwe mviringo. Mimi sikuyaleta hayo nyumbani. Na Mwalimu naye nilimdanganya kwamba umelirekebisha."

Hakuna sufuria iliyogongwa. Baba aliiachia kola ya Masele polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayeachia kamba ya boti. Alitazama gongo. Akumu alifumba macho akingoja kulisikia likivunjika.

Hakulivunja. Aliliokota, akamwendea Mwalimu Tereza, na watu wa karibu walimsikia akimwomba amweleze tena linavyotakiwa kuwa. Mwalimu alieleza, akionyesha kwa gongo la shule. Alieleza kwa muda mrefu. Baba alisikiliza hadi neno la mwisho, kichwa ameinamisha, kisha akauliza kwa nini. Mwalimu akamwambia kwamba kila mchezaji anajua mwenzake ana upande mmoja tu wa kupigia, na kwa kulijua hilo wanaweza kukabana bila kuumizana. Mwenye pande mbili anawashtukiza wenzake. Baba alitikisa kichwa kukubali. Aliondoka na gongo lake kuelekea ziwani, bila kumtazama mtu yeyote.

Nkwabi alilifuta bao. Aliwaita Mwalimu Tereza na mwalimu wa Sangara wakashauriana, wakakubaliana mchezo uendelee, Akumu akae nje. Furu walicheza sita. Akumu alikaa peke yake chini ya jiwe, na wenzake walipopita karibu naye kufuata mpira uliotoka nje, hawakumtazama. Shimba ndiye pekee aliyesema kitu. Alimuuliza kama hata bao la Kamongo lilikuwa la nyuma, na Akumu alipoitikia, Shimba aligeuza uso akatema mate pembeni.

Sangara waliongeza bao la pili, kisha la tatu. Zikiwa zimebaki dakika chache, baba alitokea kati ya mawe akiwa na unga wa mbao kwenye nyusi. Alisimama nje ya mstari. Alingoja mpira utoke, akamwita Nkwabi kwa jina lake, kwa mara ya kwanza tangu mashindano yaanze, akamnyooshea gongo alikague. Nkwabi alipitisha kiganja mgongoni mwake. Ulikuwa mviringo, laini kama yai.

"Hili linafaa," alisema Nkwabi, akamtazama Mwalimu Tereza.

Lakini Mwalimu alitikisa kichwa kukataa. Alisema gongo sasa linafaa, ila mchezaji atarudi msimu ujao. Hadi hapo Akumu angekuja kila mazoezi, angebeba mipira na magongo ya wenzake, na asingecheza. Baba alifungua mdomo. Akumu alimwona akiufunga.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Sangara waliruka wakiimba kuhusu Nansio. Baba aliuvuka uwanja mzima, mchezo ukiwa umekwisha, hadi kwenye jiwe lao. Watu walianza tena kushuka, wakidhani sasa ndiyo sasa.

"Masele," alisema. "Ulisema kweli, na mimi nikakukunja shati."

Masele aliinyoosha kola yake. Alisema kwamba kweli aliisema, na kwamba kwa yale mengine aliyoyasema haombi radhi.

"Sijakuomba uombe," alijibu baba. "Precious yuko wapi?"

Alimwambia msichana yule kwamba ana jicho zuri, akamwita Akumu amwombe msamaha. Akumu aliomba. Precious alisema sawa, lakini hakuupokea mkono alionyooshewa. Alikuwa na haki hiyo, na Akumu aliujua uzito wa mkono wake mwenyewe ukirudi mtupu.

Walirudi nyumbani. Bandani kulikuwa na mtumbwi uliopinduliwa, wa mvuvi wa Magu, na baba alimwambia Akumu akae. Akumu alikaa akiwa ameshika magoti. Baba alichukua patasi, akakwangua rangi ya bluu karibu na mkuku, ule uti wa mtumbwi. Chini ya rangi kulikuwa na ufa mrefu kama mkono.

"Mwenye mtumbwi huu aliuona ufa huu mwaka jana," alisema. "Akaogopa nitamgombeza, kwamba hakuutunza. Akaupaka rangi. Juzi wameponea chupuchupu, yeye na wanawe wawili." Aliiweka patasi chini. "Ufa angeniletea ningeuziba kwa nusu siku. Ningemgombeza, ndiyo. Halafu ningeuziba."

Aliondoa unga wa mbao kwenye vidole.

"Wewe ulinipa nusu ya maneno, nami nikaenda kupigana kwa nusu hiyo mbele ya watu. Usinifanyie hivyo tena. Hata kama nimekasirika, hata kama nimeshika tezo, niambie yote. Hasira yangu itapita. Uongo haupiti, unakaa ndani unaoza, na siku utakapoonekana unakuwa umeshawaozesha na wenzako. Timu nzima leo imeonekana ya wezi kwa ajili yako. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Na mimi," alisema, kisha akatafuta neno lililofuata kwenye mbao, kwenye ukuta, kwenye ziwa. "Mimi nimekuzoesha kukata maneno nusu. Mama yako ameniambia hilo miaka yote. Nikamwambia basi, nimeelewa."

Jumamosi iliyofuata Sangara walivuka kwenda Nansio. Akumu alikiona kivuko kikiondoka, kikizidi kuwa kidogo, kisha akapanda kwenda uwanjani kuokota mipira. Shimba alimpa mgongo mazoezi yote. Wiki ya pili alimrushia gongo lake abebe, na Akumu akalichukua hilo kama salamu. Baba alikuwa ameahidi kuchonga magongo sita ya shule, na matatu yalikuwa yameshafika mikononi mwa watoto.

Jioni hiyo Akumu aliporudi, tezo ilikuwa ikigonga kama kawaida.

"Mwalimu amesemaje leo?" aliuliza baba.

Akumu aliweka mkoba wake chini.

"Amesema la Shimba limejikunja kupita kiasi, mpira unakwama. Na mawili mengine..."

Alisita hapo, kwa mazoea, akingoja kukatizwa. Tezo ilinyamaza. Baba aliiweka juu ya mbao, akavuta kigoda, akakaa.

"Endelea," alisema.